Nati ya Nne

Jumamosi

Saa 12:30 asubuhi nilikuta gurudumu la mbele kushoto limekaa chini. Halikuwa limelala kabisa. Rimu ilibakiza kama vidole viwili ifike ardhini. Tulikuwa tumepanga kwenda Pangani kumjulia hali mama mkwe, na kikapu cha maembe kilikwisha kuwekwa barazani.

Nilitoa jeki, spana ya tairi na tairi la akiba. Niliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, nikaanza kulegeza nati gari likiwa bado chini, kama inavyotakiwa. Gari likishapanda juu ya jeki gurudumu huzunguka bure, na mtu akivuta spana kwa nguvu, jeki huweza kuteleza. Nati ya kwanza ilikubali. Ya pili ikakubali. Ya tatu nilisimama juu ya mpini wa spana ndipo ikalia na kukubali. Ya nne, spana haikuingia.

Nilipiga magoti nikaitazama. Haina pembe sita. Ni ya mviringo, laini pembeni, na usoni imechongwa mfereji mwembamba uliojikunja kama petali za ua. Gari hili, Toyota IST, ninalo mwaka wa pili sasa. Naliosha kila Ijumaa. Sikuwahi kuona kwamba kila gurudumu lina nati nne, tatu za kawaida na moja ya namna hii. Nati zote ni 16. Kumi na mbili zinafunguka kwa spana ya 21. Nne zinafunguka kwa ufunguo wake peke yake, kikombe kidogo cha chuma chenye meno yanayolingana na ule mfereji kwa upande mmoja, na pembe sita za kukamatwa na spana kwa upande wa pili. Ufunguo huo sijapata kuushika.

Nilirudisha zile nati tatu, nikaunganisha pampu ya mguu. Mikanyago 210 ilileta upepo wa kutosha. Upepo ulidumu dakika 40. Niliupima kwa saa.

Mke wangu alisubiri hadi saa mbili. Kisha akasema, "Natangulia na gari la abiria. Mama hawezi kungoja nati." Alibeba kikapu akaondoka. Maembe mawili yalidondoka getini.

Mchana alikuja kijana wa pancha. Alipaka tairi maji ya sabuni. Kwenye kashata za tairi hapakuwa na povu hata moja. Povu lilitoka kwenye shina la vavu, pale mpira unapoingia kwenye rimu. Mpira ule umezeeka na kupasuka. Kama ungekuwa msumari, angechomeka utambi wa gundi papo hapo bila kulitoa gurudumu, kazi ya dakika tano. Vavu hubadilishwa kwa ndani. Lazima gurudumu litoke, tairi ling'olewe kwenye mdomo wa rimu, ndipo vavu mpya ivutwe kupita kwenye tundu lake. Alinieleza haya yote vizuri, akaitazama nati ya nne, akachukua ndoo yake ya sabuni akaenda.

Jumapili

Siku nzima nilitafuta ufunguo. Nilianza kwenye droo ya dashibodi, nikaenda kwenye trei ya sarafu, mifuko ya milango, chini ya viti, chini ya zulia la dereva. Kisha nikainua sakafu ya buti, nikatoa tairi la akiba na kuutikisa mfuko wa jeki. Hapo ndipo watu wengi huuweka, na ndipo pa kuanzia kwa mtu yeyote anayetafuta.

Nilipata sarafu ya Kijapani ya yeni 5, ile yenye tundu katikati. Nilipata karatasi iliyoandikwa Kijapani, ambayo kijana wa simu mtaani aliipiga picha na kuitafsiri: ni risiti ya kuoshea gari. Nilipata ndala moja ya mtoto wangu iliyopotea tangu mwaka jana, na nyingine tulishaigawa.

Jioni nilimpigia simu aliyeniuzia gari. Alinijibu kwa adabu. Alikumbuka kwamba ufunguo aliuona kwa macho yake mara moja. Alikuwa safarini, akabadilisha matairi yote manne kwenye banda la barabarani karibu na Chalinze. Fundi alifungua, akafunga, akalipwa. "Nadhani ulibaki ndani ya spana yake," alisema. Naamini ndivyo ilivyokuwa. Ufunguo wa nati hizi hung'ang'ania ndani ya spana, fundi hutupa spana kwenye sanduku, mwenye gari huondoka, na kwa kuwa magurudumu yamefungwa vizuri hakuna kitu cha kumkumbusha. Anaweza kukaa miaka mitatu bila kujua.

Yapo makampuni, kama McGard ya Marekani, yanayompa mnunuzi namba ya siri ya ufunguo wake. Mwenye namba hiyo anaweza kuagiza ufunguo mwingine. Nati zangu zimechongwa mfereji tu. Hazina jina wala namba.

Mke wangu amerudi kutoka Pangani. Mama mkwe ameuliza kwa nini sikuja.

Jumatatu

Kabla ya kwenda shule nilikanyaga pampu mara 210. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni dakika 15. Nilifika na upepo wa kutosha, lakini wa kurudi haukuwepo, kwa hiyo wakati wa mapumziko ya chai nilikanyaga tena uwanjani. Wanafunzi wa kidato cha pili walijitolea kusaidia kwa zamu. Niliwashukuru, nikawaambia wasikose kipindi cha nne.

Mchana nilikwenda kwa mzee jirani. Kwa miaka mingi aliendesha lori la mkonge na hakuna nati asiyoijua. Nilimwamkia, akaniitikia, akaja na tochi. Alipokuwa akiikagua, jirani wa upande wa pili, mwenye gari aina ya Noah, alileta ufunguo wa nati zake. Tuliujaribu. Wake una meno saba. Mfereji wangu una mikunjo tisa. Haukuingia hata milimita moja, na hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa.

Mzee alinipa shauri ambalo sikuwahi kulisikia. "Mwalimu, zikaze kwanza zile tatu. Kaza sawasawa. Nati ya nne imebeba mzigo wake. Wenzake wakiongezewa, yeye atapunguziwa." Tulikaza. Kisha tukanyunyiza WD-40 kuizunguka, tukaiacha ilale nayo usiku kucha. Hewa ya bahari ya Tanga inakula chuma polepole, na kutu ya humo ndani hailegei kwa dakika kumi.

Jumanne

Kijana wa pancha alirudi na soketi kuukuu ya pembe kumi na mbili. Mpango wake ni ule ambao mafundi wengi hujaribu kwanza: chukua soketi iliyo ndogo kidogo kuliko nati, ipigilie kwa nyundo mpaka iume, kisha ivute na mpini mrefu. Aliipigilia vizuri. Iliingia, ikakaa. Aliweka mpini, akavuta, na soketi ikazunguka kwa wepesi kabisa.

Alifurahi kwa sekunde mbili. Kilichozunguka ni pete ya nje. Nati hizi zimevikwa pete isiyoshikana na kiini chake, na imewekwa kusudi: anayekamata kwa nje azungushe pete mpaka achoke, huku kiini kimetulia. Mchongaji wake alifikiri sana.

Tulijaribu kuitoa soketi. Haikutoka. Ilikuwa imeiuma pete na haiachii, na pete haitoki kwenye nati. Ilipofika saa 12 jioni kijana aliomba ruhusa akaswali, akaniachia soketi yake pale pale kwenye gurudumu. Ilijitokeza nje urefu wa kidole cha kati.

Jumatano

Nilikwenda shule na soketi kwenye gurudumu. Kwa kuwa pete inazunguka, soketi nayo ilicheza, na barabarani ilitoa mlio kila gurudumu lilipomaliza mzunguko. Askari wa usalama barabarani alinisimamisha, akainama, akaishika, akaizungusha. Aliuliza ni kitu gani. Nilimweleza tangu Jumamosi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niende polepole.

Alasiri mzee alikuja na tindo na nyundo. Kazi yake ilikuwa kuipasua pete pamoja na soketi iliyoing'ang'ania. Aliegemeza tindo kwenye ukingo akapiga. Pigo la sita, kichwa cha nyundo kilichomoka kwenye mpini, kikapita juu ya ukuta, kikaangukia ndani ya pipa la maji la jirani mwenye Noah. Hakuna aliyeumia. Tulikwenda kuomba radhi. Maji yalikuwa ya kunywa, kwa hiyo nilimlipia madumu sita.

Kwa nyundo ya pili pete ilipasuka. Soketi ikadondoka nayo. Tindo iliteleza mara moja ikaacha mkwaruzo wa sentimita nne kwenye rimu. Nilitumia msasa laini lakini bado unaonekana.

Sasa kiini kimebaki uchi: chuma kigumu, chembamba, kimeingia ndani ya tundu la rimu, na kuta za tundu zimekibana kiasi kwamba spana ya kushika kwa nje haipati pa kushika. Tulijaribu kukitoboa kwa drili. Ncha ya drili ilifuka moshi, ikabadilika rangi kuwa buluu, ikakatika. Kiini hakikuwa na alama. Chuma cha nati hizi hugumishwa kwa moto kusudi drili ya kawaida isikiweze.

Tukiwa tumekaa chini, alipita kijana nisiyemfahamu. Alitazama mara moja tu, hakuinama. "Mwalimu, shikamoo. Nipe elfu ishirini. Dakika tano." Nilimuuliza amejifunzia wapi. Alinyamaza, kisha akasema, "Mtaani." Mzee alimtazama mpaka akaondoka.

Nimelifikiria hilo usiku. Nati hizi zilifungwa na mtu aliyezipenda rimu zake, na sababu anayo: rimu za aloi zina bei, na gari lililolala nje linaweza kuamka limekaa juu ya matofali. Nati humkatisha tamaa mwizi mwenye spana tu na haraka. Mwizi mwenye chombo chake haimzuii. Aliyezuiwa kabisa ni mimi, mwenye kadi ya gari mkononi.

Alhamisi

Chombo hicho kina umbo linaloeleweka, nami nakiandika ili wengine wakitafuta wajue wanachotafuta. Ni soketi ambayo ndani yake ina kingo kali zilizopinda kama ngazi ya mzunguko, na zimepinda kwa mkono wa kushoto. Unaipigilia juu ya nati. Ukizungusha kuelekea upande wa kufungua, kingo zinazidi kuuma. Kadiri nati inavyogoma ndivyo inavyokamatwa.

Nilizunguka maduka ya vipuri ya Ngamiani baada ya kazi. Sikuipata. Duka moja walinipa soketi ndefu ya plagi. Nilimpigia mpwa wangu Dar es Salaam, akaenda maduka ya Gerezani, akapata seti ya soketi tano kwa shilingi 45,000, akaipa basi la jioni.

Ijumaa

Saa tisa usiku nilikuwa stendi. Basi lilifika, abiria wachache wakashuka, likaondoka. Kondakta alisema mzigo wangu haupo. Asubuhi mpwa alinitumia namba ya risiti; mzigo ulipakiwa kwenye basi la nyuma yake, lile linalokwenda Mombasa. Tulipopiga simu lilikwishavuka mpaka wa Horohoro. Soketi zangu zilikuwa Kenya. Waliahidi kuzirudisha na basi la jioni, na walitimiza.

Baada ya swala ya Ijumaa fundi wa kuchomelea alikuja kutoa rai yake. Anaweza kuchomelea nati kuukuu juu ya kile kiini, kisha kuivuta kwa spana ya kawaida. Njia hiyo ipo, na joto lenyewe husaidia kulegeza. Lakini mzee alimuuliza maswali matatu mfululizo. Utatoa nyaya za betri? Beringi na sili yake vitastahimili moto huo? Waya wa kihisio cha breki upo umbali gani na mkono wako? Fundi alijibu la kwanza tu. Tulimshukuru, tukampa chai. Nakubaliana na mzee: moto uwe wa mwisho, na ushikwe na mtu anayejua kilichopo nyuma ya habu.

Jumamosi

Seti ilikuwa kwenye mkahawa wa stendi, imefungwa kwa gazeti la Mombasa. Saa nne asubuhi tulianza.

Mzee alizipima zote tano kwenye kiini, akachagua ile iliyogoma kuingia kwa mkono kwa unene wa ukucha. Akaipigilia. Mlio wa nyundo ulibadilika ilipofika chini, kutoka mlio wazi hadi mlio mzito, naye akasema imetosha. Tuliweka mpini mrefu, tukaongezea bomba la mita moja. Gari lilikuwa chini, breki ya mkono imevutwa, mawe nyuma ya magurudumu. Alinionya nisivute kwa kushtua. "Lala nayo," alisema. Niliegemea uzito wangu polepole. Kulikuwa na kimya, kisha mlio kama wa bunduki, na bomba likashuka.

Nati ilikuwa imetoka robo mzunguko. Mke wangu alitoka nje akidhani tairi limepasuka. Nilimwonyesha. Alishika bomba mwenyewe akavuta mizunguko iliyobaki.

Nati ilibaki ndani ya soketi, kwa kuwa ilikuwa imeumwa. Tuliigeuza, tukapitisha chuma chembamba upande wa pili, tukaigonga mpaka ikatoka. Jambo hili watu hawalisemi: chombo kimoja kinatoa nati moja, na huwezi kwenda kwenye ya pili mpaka uitapishe ya kwanza. Dakika 20 kila moja.

Kijana wa pancha alibadilisha vavu. Shilingi 5,000. Nilikaa nikilitazama tairi kwa saa nzima na halikupungua.

Hatukuishia hapo. Nisingeendesha gari lenye nati tatu za namna hiyo zikingoja siku ya mvua. Pete zilipokwisha kupasuliwa kwa tindo, ya mbele kulia ilitoka vizuri. Ya nyuma kushoto ilitoka vizuri. Ya nyuma kulia ilizunguka nusu, ikawa nzito badala ya kuwa nyepesi, na mzee aliposema "simama" nilikuwa nimekwisha kuvuta. Ilitoka yote. Ndani yake kulikuwa na kipande cha stadi, ule msumari wenye hesi unaotoka kwenye habu na kushika nati. Ulikatika kwenye shingo.

Hapo nimejifunza hesabu ambayo ningepaswa kuijua, maana nafundisha Fizikia. Nati za gari hili hutakiwa kukazwa kwa nguvu ya mzunguko ya Nm 103. Ni sawa na kuning'iniza kilo 10 na nusu mwisho wa mpini wa mita moja. Kwenye spana ya sentimita 30 ni kilo 35, yaani kusukuma kwa mikono miwili tu. Mimi nina kilo 78. Ninaposimama juu ya spana ile ninatia zaidi ya Nm 220, mara mbili ya kinachotakiwa, na kuna aliyefanya hivyo kabla yangu kwenye gurudumu hili. Chuma kikivutwa kupita uwezo wake hurefuka, na kikirefuka hakirudi. Tunakaza hivyo tukidhani ni usalama. Nawaomba mafundi wa barabarani waliache jambo hilo.

Jumapili

Niliamkia kwenye maduka kutafuta nati nne mpya na stadi moja. Duka la kwanza walinipa nati zinazofanana kabisa na zangu kwa macho. Nilipofika nyumbani ya kwanza iliingia mizunguko miwili ikagota. Mzee aliichukua, akaiweka kwenye mwanga. Hesi zake ni za milimita 1.25, za Nissan na Subaru. Za Toyota ni milimita 1.5. Kipenyo ni kile kile, 12. Anayelazimisha kwa spana ataingiza, na atakuwa ameharibu stadi na nati kwa pamoja.

Duka la pili walikuwa na za 1.5, lakini chini zina washa bapa. Hizo ni za rimu zenye tundu la kukaa bapa. Rimu zangu zina tundu la mfano wa faneli, na nati yake lazima iwe na shingo ya mfano wa pia, ndipo ijikite katikati. Nati bapa kwenye tundu la faneli hugusa kwenye mstari mwembamba tu, gurudumu hutikisika, na nati hulegea yenyewe barabarani. Muuzaji alisema zote ni sawa. Nilimwonyesha tundu kwenye simu, tukatazamana, akanirudishia pesa.

Duka la tatu walikuwa nazo.

Stadi ilituchukua mchana wote. Mawe yalihamia magurudumu ya mbele, gari likawekwa juu ya stendi ya chuma wala si jeki peke yake, breki ya mkono ikaachiwa ili drami itoke. Kipande kilichobaki kiligongwa kuelekea ndani kikadondoka. Stadi mpya ina meno shingoni. Iliingizwa kwa nyuma, tukaweka washa tatu nene na nati mbele, tukaikaza mpaka meno yakazama kwenye habu. Mzee alinikataza kuipaka grisi kwenye hesi. Grisi hupunguza msuguano, na mtu hukaza kupita kiasi bila kujua.

Tulifunga magurudumu yote manne kwa mtindo wa msalaba, ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto. Gereji moja ya Chumbageni ilitukodisha spana ya kupimia nguvu. Inapofika 103 hutoa mlio mdogo. Ilitoa mlio mara 16.

Jumamosi iliyofuata

Nati mpya hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, maana gurudumu likitembea nati hujikalia. Kutoka kwetu hadi Pangani ni kama kilomita 50. Tuliondoka saa moja asubuhi na kikapu kingine cha maembe. Spana ya kupimia ilikuwa kwenye kiti cha nyuma. Niliikodi tena kwa siku moja.

Mama mkwe alikuwa barazani. Nilimwamkia, akaniitikia, akauliza habari za nati. Nilimweleza kwa kirefu, naye alitaka kuona ile yenye stadi iliyokatika, kwa hiyo nilimpa aishike. Aliipima kwa kiganja, akaiweka kando ya kitanda chake, na hajanirudishia.

Kwako wewe uliyenunua gari lililotumika, na kwako unayeuza: nenda kwenye gari sasa hivi, kabla hujalala. Inama, hesabu nati za gurudumu moja, tazama kama mojawapo imefanana na yangu. Kama ipo, tafuta ufunguo wake, ujaribu kwa mkono wako, uufunge kwa waya kwenye jeki. Kama huupati, zitoe zote nne ukiwa nyumbani, mchana, gari likiwa na upepo. Na fundi akimaliza kukufungia, usimlipe mpaka ufunguo uwe mfukoni mwako.

Gari lilipopoa, nilipitisha spana kwenye nati zote 16 pale uwanjani Pangani. Kumi na tano zilitoa mlio papo hapo. Moja, ya gurudumu la nyuma kulia, yenye stadi mpya, ilikubali robo mzunguko.